Manjano Hayapo, Korosho Zipo: Hesabu ya Mnunuzi Newala na Masasi

Binamu yangu ana duka la viungo na vyakula vikavu Muttrah, Muscat. Mama yake alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake bado kina harufu ya Mkunazini. Jioni moja alinitumia ujumbe: kuna mtu kamwambia kwamba manjano ya kusini mwa Tanzania ni ya bei ya kutupa, basi nimtafutie tani moja kutoka Newala au Masasi, kwa kuwa mimi nina wenyeji huko. Nikamjibu, "Kaka, Newala manjano utayakuta kwenye mchuzi tu." Akadhani namtania. Ilibidi nimfanyie hesabu, na kwa kuwa maswali kama lake huulizwa na wengi wenye milioni kumi mfukoni na mnunuzi mmoja Ughaibuni, naiweka hapa.

Tuanze na ardhi. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini, na Msumbiji ng'ambo. Masasi, tukisema kweli, haiko juu ya uwanda. Iko chini yake upande wa magharibi, kati ya milima ya mawe iliyochomoza kama vichuguu vya majitu. Juu kwenye uwanda udongo ni wa kichanga, unanyonya mvua yote na kuipeleka chini sana. Hakuna mto. Tangu miaka ya 1950 maji ya Newala yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kutoka visima vya mabondeni, na kabla ya hapo akina mama walikuwa wanashuka na kupanda mtelemko na ndoo kichwani. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Manjano hukaa ardhini miezi saba hadi tisa yakitaka unyevu wakati wote. Mtu anaweza kuwa na mashina mawili matatu nyuma ya bafu, panapomwagika maji ya kuogea, lakini mashina mawili matatu hayajazi gunia. Manjano mengi unayoyaona sokoni Masasi yamefika hapo kama ulivyofika wewe, kwa basi.

Kwa hiyo mwenye kung'ang'ania manjano afuate yaliko. Kuna Muheza, hasa tarafa ya Amani kwenye Usambara Mashariki, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Kuna Matombo, Mkuyuni na majirani zake kwenye miteremko ya Uluguru, Morogoro. Kuna Zanzibar, ambako ni mazuri lakini machache, na mengi huishia kwenye vipakiti vya watalii. Kwa mtu wa Muscat mimi ningechagua Muheza bila kusitasita, kwa sababu moja ya kifedha: kutoka Muheza mjini hadi bandari ya Tanga ni kama kilomita 35. Mwenye kuyasafirisha manjano hayo hadi Mtwara ili tu aandike "kutoka kusini" kwenye lebo ana pesa za kuchezea.

Mawili zaidi kuhusu manjano, kisha niyaache. Kwanza, jina. Kuna mahali ukisema binzari unapewa manjano, kuna mahali unapewa ile nyembamba ya pilau. Kwenye oda andika "manjano makavu, vidole vizima", usiache nafasi ya ubishi. Pili, usinunue unga. Manjano mabichi kilo tano hivi, yakichemshwa na kuanikwa wiki mbili, hutoa kilo moja kavu. Bei ya mabichi shambani zidisha kwa tano, ongeza kuni na vibarua, ndipo ujue kama unaouziwa ni manjano au ni unga wa kitu kingine. Mwaka 2019 watafiti waliofanya kazi Bangladesh walionyesha kwamba wasagaji walikuwa wakitia kromati ya risasi ili rangi iwake. Ulaya sasa inataka risasi isizidi miligramu 1.5 kwa kilo kwenye viungo vya mizizi. Kidole kizima kikikauka vizuri ukikivunja hulia "ta!" na ndani kina rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Unga haulii.

Sasa turudi uwandani, kwenye kitu kinachotoka huko kweli. Mchanga ule ulioyakataa manjano ndio unaopendwa na mkorosho. Mkorosho ulitoka Brazili na Wareno, ukapita Msumbiji, ukafika Umakondeni ukakuta kwao. Mizizi yake huchimba chini kuyafuata maji ambayo watu hawayafikii. Mavuno huanza Oktoba na kuendelea hadi kuingia mwaka mpya, wakati Afrika Magharibi, inayovuna kuanzia Februari, maghala yake yako matupu. Hiyo ndiyo sababu wanunuzi wa India na Vietnam hukaza macho kuelekea Mtwara kila Oktoba.

Mnunuzi ana njia tatu. Anunue korosho ghafi, zenye ganda, kwenye mnada. Anunue zilizobanguliwa kutoka kiwandani. Au anunue zilizobanguliwa kutoka kwa wabanguaji wadogo, ambao wengi ni vikundi vya akina mama. Wengi wanaoanza huvutiwa na njia ya kwanza kwa sababu ndiyo inayotangazwa redioni, na bei yake inaonekana ndogo. Hapo ndipo pesa nyingi zimezama.

Ghafi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliofika kwenye korosho msimu wa 2007/08. Mkulima hupeleka kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha kijiji chake, mzigo ukapimwa na kupewa daraja la kwanza au la pili, ukaenda ghala kuu, kisha ukanadiwa kupitia chama kikuu cha ushirika. Newala na Tandahimba ziko chini ya TANECU. Masasi iko chini ya MAMCU. Zamani zabuni zilitumbukizwa kwenye sanduku. Siku hizi mnada huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa, TMX. Mnunuzi lazima awe na leseni ya Bodi ya Korosho, na shehena zinazonadiwa ni za makumi na mamia ya tani. Mwenye milioni kumi akiingia humo ni sawa na kuingia ngalawa ya mtu mmoja kwenye mkondo wa meli.

Na bei yenyewe ina kichaa chake. Msimu wa 2017/18 ilifika kama shilingi 4,000 kwa kilo. Uliofuata, wanunuzi wakaja na bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaamuru serikali inunue yenyewe kwa shilingi 3,300, malori ya jeshi yakasomba mzigo. Baadaye bei ilizungukazunguka kwenye 2,000, na msimu wa 2024/25 minada ikafunguliwa kwa zaidi ya 4,000. Mfanyabiashara aliyemwahidi mteja wa nje bei moja kwa miaka miwili hapo angeuza na kiwanja.

Juu ya bei ya mnada kuna ushuru. Korosho ghafi ikitoka nje ya nchi hulipiwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Piga hesabu mwenyewe: tani yenye thamani ya dola 1,500 inadaiwa dola 225. Ushuru wa dola 160 huja tu thamani ikishuka chini ya dola 1,067 hivi. Korosho iliyobanguliwa haidaiwi ushuru huo, na hilo ndilo kusudi lake, ganda libaki nyumbani. Mwaka 2018 mgawanyo wa pesa zake uliwatoa jasho wabunge wa kusini pale Dodoma, kwa kuwa sehemu iliyokuwa ikirudi kwenye zao iliondolewa. Lakini kwa mnunuzi, pesa ikishatoka mfukoni imetoka.

Tuje kwenye ganda lenyewe, maana bei yote imejificha humo. Gunia la ghafi lina kilo 80. Wanunuzi wakubwa hawanunui gunia, wananunua kilichomo ndani, nao hukipima kwa ratili. Huchukua sampuli ya kilo moja kutoka magunia mbalimbali, wakazipasua moja moja, wakapima mbegu nzuri na nusu ya zile zenye madoa. Gramu 284 kwa kilo ni sawa na ratili 50 kwa gunia, na huo ni mzigo mzuri. Gramu 260 ni ratili 46 tu. Tofauti ya gramu 24 inaonekana kama utani, lakini kwenye kontena la tani 15 ni kilo 360 za mbegu ambazo umezilipia na hazimo. Jambo hili halihitaji maabara. Kisu, mizani ya jikoni na subira vinatosha, na ghala ambalo halikuruhusu kupasua kilo moja limeshakujibu.

Mbegu hizo gramu 284 bado zina ganda jepesi la ndani na unyevu. Zikikaushwa na kumenywa hubaki kama 240. Kwa maneno mengine, kilo moja ya korosho nyeupe inakula kilo nne na kidogo za ghafi, tuseme 4.2. Hii ndiyo hesabu ninayomwomba kila mtu aiandike nyuma ya simu yake. Ghafi ikiwa shilingi 2,000, malighafi peke yake kwa kilo ya korosho nyeupe ni shilingi 8,400. Ghafi ikiwa 4,000, ni 16,800. Hapo hujalipa kuni, umeme, mkono wa mbanguaji, mfuko wala usafiri. Basi mtu akikuuzia korosho nzima nyeupe kwa 14,000 kwenye msimu wa bei ya 4,000, usifurahi. Ama ni za mwaka juzi, ama ni vipande vilivyofunikwa na nzima mbili tatu juu, ama ghafi yake ilipatikana kwa kangomba.

Kangomba ni neno ambalo mgeni wa Masasi hulisikia kabla hajamaliza chai. Ni biashara ya kununua korosho kijijini kwa kipimo cha bakuli, nje ya mfumo, mara nyingi kutoka kwa mkulima mwenye shida ya Agosti, ada au msiba, kwa bei ambayo Oktoba humuuma. Ni kosa kisheria. Kwa hiyo unaponunua kwa mbanguaji mdogo, uliza kwa adabu ghafi ilitoka wapi na kama kuna karatasi ya AMCOS au ya mnada. Mama wa kikundi aliyezoea kazi halali hatachukia. Atakutolea faili kabla hujamaliza shikamoo ya pili.

Viwanda vina hadithi yake, na nitaipita haraka ingawa inastahili kitabu. Uzalishaji ulifika tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ikadidimia, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, na kufikia 1986/87 mavuno yakawa chini ya tani 20,000. Katikati ya anguko hilo ndipo nchi ilipojenga viwanda vipya vya kubangulia kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Newala ikapata viwili, Masasi kimoja. Mashine zilingoja korosho ambazo hazikuja. Miaka ilipopita korosho zikarudi, kwa salfa dhidi ya ubwiriunga na miche ya kituo cha utafiti cha Naliendele, lakini baadhi ya viwanda hivyo vilikuwa vimegeuka maghala ya kuhifadhia ghafi inayosubiri meli ya India. Siku hizi kuna vipya, TANECU yenyewe ikiwa na cha kwake Newala.

Kiwandani utapata mambo mawili ambayo kikundi kidogo hupata shida kuyatoa: wingi na ulingano. Kontena la futi 20 la korosho zilizobanguliwa huchukua katoni 700 za ratili 50, karibu tani 16. Kuzipata tani hizo unahitaji ghafi tani 67 hivi, ambayo kama ingesafiri na maganda yake ingetaka makontena zaidi ya manne. Kwa hiyo mwenye kusafirisha ghafi anakodi meli kubeba maganda. Lakini kontena zima ni mtaji ambao binamu yangu hana, wala mimi sina wa kumkopesha.

Kwa mzigo wa kilo mia mbili, mia tano, hata tani moja, naegemea kwa wabanguaji wadogo, na sisemi hivyo kwa huruma. Kwao unaweza kukaa ukaona kinachofanyika. Uliza kitu kimoja kwanza: wanachoma au wanapika kwa mvuke? Kuchoma kwa moto wa wazi, ganda likilipuka mafuta na moshi ukitanda mtaa mzima, ndiko kulikotulea. Korosho yake ina ladha ya moshi ambayo mimi binafsi siibadilishi na kitu. Ila ina weusi mgongoni, inavunjika zaidi, na mteja wa nje akiona weusi hasikilizi habari za utoto wako. Korosho ya mvuke hutoka nyeupe kama jino la mtoto. Tazama pia mikono ya wanaobangua. Mafuta ya ganda huunguza ngozi. Kikundi chenye glavu au kinachopaka mafuta ya nyonyo na jivu kina kiongozi anayejali, na anayejali mikono huwa anajali na usafi wa meza.

Kisha madaraja. Namba unazosikia, 180, 240, 320, 450, ni idadi ya korosho nzima kwenye ratili moja. Namba ikiwa ndogo, korosho ni kubwa na bei inapanda. 320 ndiyo inayozunguka zaidi sokoni duniani. Chini ya korosho nzima kuna nusu, vipande vikubwa, vipande vidogo. Usiamini karatasi ya nje: pima nusu kilo, hesabu. Ukipata 260 kwenye nusu kilo una 240 mkononi hata kama wameandika 180, na ukipata 350 una 320. Tafuna moja, inapaswa kukatika kwa sauti. Ikinyumbuka ina unyevu, na unyevu ukizidi asilimia 5 safari ya baharini huiotesha ukungu. Ukungu ndio mzazi wa sumukuvu, na Ulaya hairuhusu zaidi ya mikrogramu 4 kwa kilo kwenye korosho za kuliwa moja kwa moja. Mfuko uwe umenyonywa hewa. Korosho iliyowekwa kwenye mfuko wa rambo uliozibwa kwa mshumaa ni ya kula kwenye basi la Dar.

Njia ya kutoka nayo ina gharama zake. Ghafi ya kusini, tangu msimu wa 2023/24, imeelekezwa kupita bandari ya Mtwara. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ni kilomita 210. 50 za kwanza hadi Mnivata ziliwekwa lami mapema, na 160 zilizobaki zimekuwa zikijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Panapobakia vumbi, mvua ya Januari hupandisha nauli ya lori kuliko mafuta ya dizeli. Mzigo mdogo wa zilizobanguliwa hupanda gari hadi Dar es Salaam, ukachangia kontena na mizigo ya wengine au ukaruka kwa ndege. Karatasi ni zilezile kwa kilo mia na kwa tani mia: cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, cheti cha uasilia kutoka TCCIA, leseni na namba ya mlipakodi. Kwa hiyo kilo hamsini za majaribio zitakuwa ghali mno kwa kila kilo. Zihesabu kama ada ya shule.

Mbaazi na ufuta? Zipo, Masasi hasa. Ufuta una soko pana. Mbaazi nimeiogopa tangu Agosti 2017, India ilipoweka ukomo wa kuagiza, na bei hapa ikaanguka hadi mamia machache ya shilingi watu wakaziacha shambani. Zao lenye mnunuzi mmoja si biashara ya mtu mwenye mtaji mmoja.

Nilimtumia binamu yangu haya yote, na picha: 240, 320, na mfuko wa vipande vikubwa vya mvuke kutoka kwa kikundi cha Newala. Nilitegemea achague 240, kwa kuwa watu wa Muscat wanapenda sinia la mgeni lijae. Alikaa kimya siku mbili. Kisha akapiga simu. Alikuwa amezungumza na jirani yake mpika haluwa, ambaye hukata korosho nzima kwa kisu kila asubuhi kabla ya kuzitia kwenye sufuria la shaba.

"Hivi vipande," akaniuliza, "bei yake ni chini kiasi gani?"

Nikamwambia. Akaagiza kilo mia mbili, na manjano hakuyataja tena.